Methodi isiyoandikwa upya bado hurithiwa

Katika lugha ya Java, neno «final» likitangulia methodi (kipande cha msimbo chenye jina kinachofanya kazi fulani) ya klasi mama, yaani kiolezo ambacho violezo vingine hurithi kwake, huzikataza klasi zinazoirithi kuiandika upya, na anayejaribu hukataliwa na kompaila, programu inayotafsiri msimbo, kabla programu haijaendeshwa. Maana yake inaishia hapo. Kinachochosha ni kusikia kila mara, hata kwa waandishi wa programu wenye uzoefu, kwamba methodi ya namna hiyo «hairithiwi».

Inarithiwa. Klasi Malipo ikiwa na methodi lipa() iliyofungwa hivyo, klasi MalipoYaKadi inayoirithi Malipo huipokea na kuiita kama ilivyo. Isichoruhusiwa ni kuipa mwili mwingine. Tena faida yake kubwa iko hapohapo, kwa kuwa lipa() inaweza kushikilia mpangilio usiobadilika, yaani kukagua salio, kukata fedha, kisha kuweka kumbukumbu, huku ikiita kataFedha(), methodi iliyoachwa wazi makusudi ili kila klasi iiandike kwa namna yake. Wala klasi mtoto haizuiwi kuwa na lipa() nyingine yenye vigezo tofauti, yaani inayopokea data tofauti, kwani hiyo ni methodi nyingine inayoshiriki jina tu. Isiyorithiwa ni ile ya «private», inayoonekana ndani ya klasi yake tu: klasi mtoto ikitunga yenye jina hilohilo haijaandika upya chochote, na klasi mama huendelea kuita ya kwake.

Lugha zenyewe zimechangia mkanganyiko. Katika C#, methodi haiandikwi upya isipokuwa imeruhusiwa, kwa mfano kwa neno «virtual», kwa hiyo «sealed» ikiwekwa kwenye methodi, huwa ni ile tu ambayo klasi ya kati imekwisha kuiandika upya na haitaki wajukuu waiguse. Lakini «sealed» ya Java 17, iliyotoka mwaka 2021, huwekwa kwenye klasi, na haikatazi urithi bali huuwekea orodha ya walioruhusiwa. Kotlin hufunga klasi na methodi zake mpaka mwandishi aseme «open». Python, tangu toleo la 3.8, ina alama ya @final inayoheshimiwa na vikaguzi vya aina peke yao, yaani zana zinazokagua aina za data kabla programu haijaendeshwa. Programu ikishaanza kuendeshwa, hakuna anayezuiwa.

Anayetaka klasi isirithiwe kabisa basi aweke «final» kwenye klasi yenyewe, kama ilivyo String ya Java; aliyeiweka kwenye methodi atakuwa amesema sawasawa akisema kwamba hairuhusu iandikwe upya.