Wakala wa Bima Anapobisha Hodi kwa Mbunge: Dhana Potofu na Ukweli

Kila mwaka mawakala wa bima na washauri wa fedha kutoka pande zote za Marekani husafiri hadi Washington, wakagawanyika katika vikundi vidogo kulingana na mahali wanapopigia kura, kisha wakapita katika korido ndefu za ofisi za Bunge kwenda kuonana na wabunge wao. Wengine hufanya hivyo hivyo katika makao makuu ya majimbo yao. Mmojawapo wa vyama vinavyoratibu safari hizi ni NAIFA, chama cha kitaifa cha washauri wa bima na fedha, ambacho kilizaliwa Boston mwaka 1890 kikiwa chama cha mawakala wa bima ya maisha. Kazi hii ndiyo inayoitwa utetezi wa mashinani, yaani anayezungumza na mbunge ni mpiga kura wake mwenyewe, ambaye kesho yake atarudi kwenye meza yake kuhudumia wateja.

Licha ya umri wake mkubwa, kazi hii imezungukwa na dhana nyingi zisizo sahihi. Baadhi zinatoka kwa wananchi wanaoitilia shaka, na baadhi, kwa masikitiko, zinatoka kwa mawakala wenyewe, ambao hukaa pembeni mpaka sheria inapowafikia mlangoni.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba utetezi huu ni jina la heshima tu la kununua wabunge. Shaka hiyo ina chanzo chake na haifai kubezwa, kwa kuwa fedha zimo kweli katika siasa za Marekani. Vyama vya kitaaluma huruhusiwa kuwa na mfuko wa kisiasa, maarufu kama PAC, unaokusanya michango ya hiari ya wanachama na kuwachangia wagombea. Lakini sheria ya shirikisho imeuwekea mfuko huo mipaka iliyo wazi: mtu mmoja hawezi kuuchangia zaidi ya dola 5,000 kwa mwaka, na mfuko unaochangia wagombea wengi hauwezi kumpa mgombea mmoja zaidi ya dola 5,000 kwa uchaguzi mmoja, ambapo kura ya mchujo na uchaguzi mkuu huhesabiwa kuwa chaguzi mbili. Kampuni yenyewe hairuhusiwi kumpa mgombea wa shirikisho hata senti moja kutoka kwenye hazina yake, katazo ambalo limekuwapo tangu mwaka 1907. Mwajiri akimrudishia mfanyakazi fedha alizochanga ili mchango wa kampuni uonekane kuwa wa mtu binafsi, hilo ni kosa la jinai. Anayechanga zaidi ya dola 200 kwa mwaka huandikwa kwa jina, kazi na mwajiri katika taarifa ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma.

Ipo kanuni nyingine ambayo watu wengi hawaijui, nayo ndiyo inayonionyesha vizuri zaidi tofauti kati ya kuchangia uchaguzi na kuomba jambo. Ni kosa la jinai kuomba au kupokea mchango wa kampeni ndani ya ofisi ya serikali ya shirikisho ambamo maofisa wake hufanya kazi zao rasmi, zikiwamo ofisi za Bunge. Kwa hiyo wakala anayeingia ofisini kwa mbunge kuzungumzia mswada, akiwa na hundi ya PAC mfukoni ili aikabidhi hapo hapo, anajitia matatani yeye na kumtia matatani mwenyeji wake. Waandalizi makini huwakumbusha wajumbe jambo hili kabla ya kuvuka kizingiti: humo ndani habari ya mchango haitajwi kabisa, hata kwa utani. Washauri wa uwekezaji wana kikwazo kigumu zaidi. Kanuni iliyopitishwa na SEC, tume inayosimamia masoko ya hisa na dhamana, mwaka 2010, inasema kwamba mshauri akimchangia ofisa mwenye sauti juu ya nani apewe kazi ya kusimamia fedha za umma, kwa mfano mfuko wa pensheni wa jimbo, kampuni yake haiwezi kulipwa kwa kazi hiyo kwa miaka miwili. Kinachosamehewa ni mchango usiozidi dola 350 kwa mgombea ambaye mshauri ana haki ya kumpigia kura, au dola 150 kwa asiye na haki hiyo.

Sisemi kwamba mipaka hiyo imemaliza tatizo. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 2010, makampuni na vyama vinaweza kutumia fedha bila kikomo katika kampeni zinazoendeshwa kwa kujitegemea, bila kuratibiwa na mgombea, na mwananchi ana haki ya kulihofia hilo. Ninachosema ni kwamba wakala anayesimulia yaliyompata mteja wake ni jambo tofauti na tangazo la televisheni la mamilioni ya dola, na kuyatupa mawili hayo kapu moja kunamnyang'anya raia wa kawaida haki aliyopewa na Marekebisho ya Kwanza ya Katiba mwaka 1791, yaani haki ya kupeleka malalamiko yake kwa serikali.

Hapo ndipo inapozaliwa dhana nyingine, kwamba kila anayezungumza na mbunge ni mshawishi anayepaswa kusajiliwa. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1995 inawahusu wanaolipwa kufanya ushawishi na kufikia viwango fulani vya muda na malipo, nao hutoa taarifa kila robo mwaka. Wakala anayemwandikia mbunge wake kama mpiga kura hasajiliwi. Chama chake chenye washawishi wa kuajiriwa ndicho kinachobeba wajibu huo, na sehemu ya ada ya uanachama inayokwenda kwenye ushawishi haipunguzwi katika mapato yanayotozwa kodi.

Mawakala wenyewe hupenda kusema, "Mbunge hana haja ya kunisikiliza, ana wataalamu wake." Dhana hii ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu inawanyamazisha hasa wale wenye kitu cha kusema. Mjumbe mmoja wa Baraza la Wawakilishi huwakilisha watu takriban 760,000, na ofisi yake ina wasaidizi wachache. Msaidizi anayeshughulikia kodi huenda ndiye huyo huyo anayeshughulikia biashara ndogo, benki na makazi, na mara nyingi ni kijana ambaye hajawahi kukaa na familia iliyotoka mazikoni kusoma hati ya bima ya maisha. Anachojua kuhusu bima amekisoma kwenye muhtasari wa kurasa mbili.

Tazama kesi iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwezi Juni 2024. Ndugu wawili walimiliki kampuni ya vifaa vya ujenzi, nao walikuwa wamekubaliana kwamba mmoja akifariki na mwenzake asinunue hisa zake, kampuni ndiyo itakayozinunua kwa fedha za bima iliyowakatia. Mmoja alifariki, bima ikalipa, kampuni ikanunua hisa hizo kwa dola milioni 3. Mahakama, kwa kauli moja ya majaji wote 9, ilisema kwamba fedha hizo za bima zinaongeza thamani ya kampuni wakati wa kukokotoa kodi ya mirathi, ingawa zilikuwa tayari zina kazi yake ya kununulia hisa. Kodi ya ziada ilikuwa takriban dola 890,000. Mikataba ya namna hiyo ni ya kawaida kabisa katika biashara za kifamilia. Mtu anayejua ni wateja wangapi katika eneo la mbunge wana mkataba wa aina hiyo, na kwamba wengi wao hawajaupitia upya, ni wakala aliyeuandaa. Mtaalamu wa Washington anaijua hukumu, lakini hajui ni milango mingapi itakayobishwa.

Mkutano wenyewe hauna fahari yoyote. Aghalabu ni dakika 15, na kengele ya kupiga kura ikilia mbunge huondoka katikati ya sentensi, mazungumzo yakamaliziwa na msaidizi wakiwa wamesimama koridoni. Katika dakika hizo wakala mzuri husema mambo matatu: anaishi wapi, kifungu gani cha mswada kinamhusu, na kifungu hicho kitamfanya nini mtu fulani asiyemtaja jina. Hasomi karatasi. Akiulizwa swali asilolijua, hukiri kwamba hana jibu na kuahidi kulileta, na ahadi hiyo ikitimizwa kesho yake kwa barua pepe fupi yenye takwimu iliyoombwa, msaidizi ataikumbuka namba yake ya simu siku mswada utakapofika kwenye kamati. Barua za karatasi siku hizi hazina kasi hiyo, kwani tangu mashambulizi ya mwaka 2001, ya barua zenye vijidudu vya kimeta, hupitishwa kwanza kwenye ukaguzi wa usalama na huchelewa kufika. Ujumbe wa kunakili, ambao maelfu huutuma bila kubadilisha neno, huhesabiwa tu kuwa wangapi wako upande gani. Unaobadilisha mawazo ni ule ulioandikwa na mtu kwa maneno yake mwenyewe.

Wengi pia huamini kwamba mambo yote huamuliwa Washington. Kwa upande wa bima ukweli unakaribia kuwa kinyume. Mwaka 1944 Mahakama ya Juu iliamua kwamba bima ni biashara inayovuka mipaka ya majimbo, hivyo Bunge la shirikisho lina mamlaka juu yake. Mwaka uliofuata Bunge hilo likapitisha Sheria ya McCarran-Ferguson na kuyaachia majimbo usimamizi wake. Ndiyo maana leseni ya wakala, uidhinishaji wa hati za bima na malalamiko ya wateja hushughulikiwa na kamishna wa bima wa jimbo. Makamishna hao wana chama chao, NAIC, kilichoanzishwa mwaka 1871, ambacho huandaa sheria za mfano. Lakini sheria ya mfano haina nguvu mpaka jimbo liipitishe, na kila jimbo linaweza kuibadilisha.

Kwa wakala, hii ina maana kwamba sauti yake inasikika zaidi karibu na nyumbani. Baraza la Wawakilishi la New Hampshire lina wajumbe 400 wanaolipwa dola 100 kwa mwaka, na kila mmoja anawakilisha watu elfu chache tu. Ni jirani unayekutana naye dukani. Texas, kwa upande mwingine, bunge lake hukutana katika kikao cha kawaida kwa siku 140 kila baada ya miaka miwili. Anayesubiri kikao kianze ndipo ajitambulishe kwa mbunge wake amekwisha kuchelewa, na nafasi nyingine ataipata mwaka mwingine usiogawanyika kwa mbili.

Kuhusu dhana kwamba kazi hii ni ya chama kimoja cha siasa, nitakuwa mfupi. Mifuko ya kitaaluma huchangia wagombea wa pande zote mbili, na sheria za akiba ya uzeeni ndiyo mfano ulio wazi. Mswada wa SECURE ulipita katika Baraza la Wawakilishi mwaka 2019 kwa kura 417 dhidi ya 3, na ule uliofuata mwaka 2022 kwa kura 414 dhidi ya 5.

Dhana ngumu zaidi nimeiacha hapa kwa makusudi, kwa sababu ina pande mbili na kila upande una watu wake. Wapo wanaosema kwamba mawakala hutetea kamisheni zao tu, na wapo mawakala wanaosema kwamba lililo jema kwao daima ni jema kwa mteja. Wote wawili wamekosea, na mzozo wa kanuni ya Wizara ya Kazi unaonyesha kwa nini. Mwaka 2016 wizara hiyo ilipanua orodha ya wanaolazimika kuweka maslahi ya mteja mbele ya yote wanapomshauri kuhusu akiba ya uzeeni. Vyama vya sekta, NAIFA kikiwamo, vilikwenda mahakamani, vikidai kwamba gharama na hatari ya kushtakiwa zingewafanya washauri wawaache wateja wenye akiba ndogo. Watetezi wa walaji walijibu kwamba ushauri unaotolewa na mtu anayelipwa kwa mauzo unamgharimu mstaafu fedha nyingi bila yeye kujua. Mwezi Machi 2018 mahakama ya rufani iliifuta kanuni hiyo kwa kura 2 dhidi ya 1. Baadaye SEC ilileta kanuni yake ya maslahi bora ya mteja, iliyoanza kutumika tarehe 30 Juni 2020, na NAIC ikarekebisha sheria yake ya mfano mwaka huo huo.

Kwa maoni yangu hoja zote mbili zilikuwa na uzito. Mteja mwenye dola 8,000 za akiba ni kweli hamvutii mshauri anayetoza ada kwa mwaka, na ni kweli pia kwamba kamisheni kubwa inaweza kumsukuma mtu kuuza bidhaa isiyomfaa mwenzake. Wakala anayemwambia mbunge jambo la kwanza na kulificha la pili anatumia vibaya imani aliyopewa. Lile analolificha mbunge atalisikia mchana huo huo kutoka kwa kundi jingine, na kuanzia hapo kila takwimu ya wakala huyo itapimwa mara mbili. Vivyo hivyo habari za mteja: simulizi ya mjane aliyeokolewa na bima ina nguvu kubwa, lakini ni mali ya mjane. Bila ridhaa yake haipaswi kutoka nje ya faili, hata kama jina limeondolewa, maana katika mji mdogo watu hutambulikana kwa mkasa wao kabla ya jina.

Mwisho kuna wale wanaodhani kwamba mswada ukisainiwa kazi imekwisha. Sheria ya mwaka 2022 iliyotajwa hapo juu ilisogeza umri ambao mtu hulazimika kuanza kutoa fedha kwenye akiba yake ya uzeeni hadi miaka 73 kuanzia mwaka 2023, na itausogeza tena hadi 75 ifikapo mwaka 2033. Kati ya tarehe hizo mbili zipo kanuni za kuandikwa, muda wa umma kutoa maoni, na chaguzi kadhaa za Bunge. Msaidizi yule kijana wa koridoni huenda atakuwa amekwisha kuondoka, na mwingine atakuwa amekaa kwenye kiti chake, akisubiri mtu wa kumweleza upya tangu mwanzo.