Kitamli na mnazi mrefu: soma rangi ya mche

Wakulima wengi wa Malindi wakisikia "mnazi chotara" hudhani sifa za wazazi zimechanganyika kama chai na maziwa. Ukiutazama mti, ndivyo hasa. Kitamli, yaani mnazi mfupi, huanza kuzaa mwaka wa 3 au wa 4, mnazi mrefu wa kienyeji kati ya mwaka wa 6 na wa 10, na mtoto wao mnamo mwaka wa 4 au wa 5. Kimo chake nacho huwa cha kati. Ila chai na maziwa havitengani tena; jeni hutengana.

Kwanza, kumpata mtoto huyo. Mama awe kitamli cha manjano au chekundu. Kitamli hujizalisha chenyewe, maana maua yake ya kiume na ya kike hukomaa kwa wakati mmoja. Kwa hiyo karara, lile ganda linalofunika maua, likipasuka tu, kata maua yote ya kiume, ubakishe vile vitufe vya kike, kisha funika kole, yaani kichala chote, kwa mfuko wa kitambaa kizito. Vitufe vikianza kutoa utomvu mtamu nchani, pulizia chavua kavu ya mnazi mrefu, urudie kila siku mpaka vyote vipitiwe. Nazi hukomaa baada ya miezi 11 au 12.

Ukichelewa kukata, au mfuko ukitoboka nyuki na siafu wakaingia, huenda kitamli kikawa kimeshapata chavua ya kitamli. Hapo ndipo rangi inapokusaidia, na mimi siuzi mche kabla ya kuikagua. Tazama uti wa jani kitaluni: wa manjano au wa chungwa ni kitamli kitupu, ung'oe. Chotara halisi ana hudhurungi, au kijani chenye hudhurungi. Kwa mama wa kitamli cha kijani alama hii haipo, ndiyo maana simshauri mtu aanze naye.

Sasa kosa linaloniuma zaidi: kuangua nazi za chotara na kuzipanda. Wajukuu hawafanani. Mmoja hurudi ufupi wa kitamli, mwingine hurefuka kama babu, wengi huangukia katikati, na ile manjano iliyopotea kwa mzazi huibuka tena kwa baadhi yao. Juu ya hayo, chavua imeletwa na upepo na nyuki kutoka minazi ya jirani, baba humjui. Nazi hizo zikune tu, tui lake ni zuri. Mbegu itoke upya kwa kitamli na mnazi mrefu kila mara, na miche uiteremshe shambani masika yakianza, mwezi wa 4.