Hasara Yako Ilishaingia, Hata Kama Hujauza

Wiki hii nimeambiwa tena, safari hii na mzee mstaafu aliyekuja ofisini na bahasha yake ya kaki: “Mwanangu, mimi sijapata hasara, maana hisa zangu sijauza.” Shikamoo yake nilishampa, kwa hiyo nikaona nina haki ya kubisha.

Ulinunua hisa kwa shilingi 500 kila moja, leo zinauzwa 120. Una 120, basi. Ile 380 haijakaa kwenye akaunti ya CDS, ile inayotunza hisa zako, ikikusubiri. Bei uliyonunulia unaikumbuka wewe peke yako, soko halina habari nayo. Jiulize hivi: ningepewa hizi 120 taslimu asubuhi hii, ningezinunulia hisa hizi hizi? Kama jibu ni “thubutu!”, unazishikilia za nini, na hati fungani zipo, yaani unaikopesha serikali ikulipe riba, na mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT ipo? Hisa si kiwanja cha Chanika kwamba ukikiacha kitapanda tu.

Halafu kuna wale wa “mbona bei haijashuka?” Hawa ndio wananimaliza. Bei unayoiona ubaoni ni ya mauzo ya mwisho, na kwa kampuni ambazo hisa zake hazichangamki, mauzo hayo yanaweza kuwa ya zamani kweli. Fungua Hisa Kiganjani, ile programu ya simu ya Soko la Hisa la Dar es Salaam, achana na ile namba kubwa, tazama oda, yaani maombi ya kununua na kuuza. Upande wa wauzaji kuna foleni. Upande wa wanunuzi patupu, au yupo mmoja anayetaka hisa 50 kwa bei ya kutupa. Hapo bei imeganda kwa kukosa mnunuzi, na wewe unajipigia hesabu ya utajiri kwa namba ambayo hakuna wa kukulipa! Juu ya hapo soko lina ukomo wa bei kupanda na kushuka kwa siku, kwa hiyo habari mbaya ya leo huenda isionekane yote leo. Ukitaka kujua hisa zako ni shilingi ngapi, weka oda ya kuuza chache uone nani anajitokeza.

Ila usinielewe vibaya: bei kushuka na kampuni kuzama ni mambo mawili. Benki ya CRDB iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2009 kwa shilingi 150. Mwaka 2019 zilishuka chini ya 100, watu wakauza kwa hasira, na baadaye bei ikapanda mara kadhaa. Benki yenyewe ilikuwa inapata faida muda wote huo. Anayezama utamjua kwenye hesabu zake: mtaji umekuwa hasi, yaani madeni yamezidi mali, biashara yenyewe haiingizi fedha taslimu, faida ya mwaka imetokana na kuuza jengo. Na soma ripoti ya mkaguzi pale anapotaja mashaka makubwa kuhusu uwezo wa kampuni kuendelea na biashara. Watu hurukia ukurasa wa gawio, aya hiyo hawaioni.

Kampuni ikifilisiwa, wewe mwenye hisa za kawaida ni wa mwisho kwenye foleni. Mbele yako kuna benki zenye dhamana, wafanyakazi, TRA, wadai wengine wote. Benki Kuu ilipoiweka benki ya Yetu Microfinance chini ya usimamizi wake Desemba 2022, wenye amana walikuwa na Bodi ya Bima ya Amana. Mwenye hisa hana bodi ya namna hiyo. Afadhali tu kwamba madeni ya kampuni hayatakufuata nyumbani kama hisa ulishazilipia.

Penye utata hasa ni hisa stahiki, yaani hisa mpya ambazo kampuni inawauzia kwanza wanahisa wake. Kampuni hoi inakuletea barua: ongeza fedha, au sehemu yako ipungue. Wengi hulipa ili wasipunguziwe, hawaulizi fedha inakwenda wapi. Ikiwa ni ya mtambo mpya wenye wateja tayari, tuzungumze. Ikiwa ni ya kuipoza benki inayoidai kampuni, unamlipia deni mwenzio. Lakini waraka wa matoleo, ule unaoeleza hisa hizo mpya, unaweza kuandika “kuimarisha mtaji” kwa yote mawili, na hapo hata mimi nabahatisha. Huwa nasubiri nione kama wanahisa wakubwa wanachukua sehemu yao yote. Wasipochukua, nawaambia wateja wangu wabaki na hela zao.