Je, watu wenye ADHD ni wabunifu zaidi?

Kabla hujaendelea kusoma, chukua karatasi uchore tunda linaloota kwenye sayari nyingine, sayari isiyofanana hata kidogo na hii yetu. Nilipojaribu mimi, nilichora kitu cha mviringo chenye ganda la miiba, nikajipongeza kwa ile miiba. Nilipolitazama tena nikaona lina kikonyo. Lina mbegu, tena katikati. Nilikuwa nimesafiri hadi sayari nyingine nikarudi na tunda la bustanini.

Zoezi hilo limewahi kutumiwa na watafiti wa ADHD, hali inayomfanya mtu apate shida kutulia na kuelekeza umakini wake, na ndilo lililonifanya niachane na jibu nililolishikilia miaka mingi. Zamani ungeniuliza kama watu wenye ADHD ni wabunifu kuliko wengine, ningesema ndiyo bila kupepesa macho. Hoja zangu zilikuwa mbili: kwamba akili isiyotulia ndiyo akili ya msanii, na kwamba Leonardo da Vinci, mchoraji wa Mona Lisa, alikuwa na ADHD. Zote mbili zina walakini.

Tuanze na Leonardo. Mwaka 2019, miaka 500 tangu afariki, watafiti Marco Catani na Paolo Mazzarello walichapisha makala wakipendekeza kwamba huenda alikuwa na ADHD. Ni makala ya watu makini, lakini uzito wa hoja yao uko kwenye kazi alizoanza bila kuzimaliza na tabia yake ya kurukia jambo jipya kabla la zamani halijakwisha. Hayo yanaeleza kwa nini waliomwagiza kazi walichoka kusubiri. Hayaelezi Mona Lisa. Isitoshe, ili mtu atambuliwe kuwa na ADHD, dalili lazima ziwe zilianza kabla ya miaka 12 na ziwe zinamkwamisha mahali zaidi ya pamoja, tuseme nyumbani na darasani. Mtu aliyefariki mwaka 1519 ni vigumu kumhoji kuhusu hilo.

Orodha za watu mashuhuri "waliokuwa na ADHD" zina kasoro nyingine, ya hesabu. Huwahesabu waliong'aa tu. Wenye hali hiyohiyo ambao hawakuchora wala kutunga chochote hawamo, na mafundi waliokaa kitako kwa utulivu wakamaliza kila walichoanza hawamo pia. Kwa orodha ya namna hiyo unaweza kuthibitisha kwamba kuwa na ndevu huleta kipaji.

Hoja ya akili isiyotulia nayo iliniponza kwa sababu ya jina. Mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani waliiita hali hii upungufu wa umakini, na mwaka 1987 utukutu ukaongezwa kwenye jina. Ukisikia "upungufu" unafikiria tangi lisilo na mafuta. Lakini mtu mwenye ADHD anaweza kuzama kwenye jambo lililomvutia kwa saa nyingi hadi akasahau kula. Mafuta anayo, usukani ndio mzito.

Na ubunifu wenyewe si kitu kimoja. Watafiti hupima walau stadi mbili zilizo tofauti. Ya kwanza ni kutawanya mawazo: taja matumizi ya tofali mengi kadiri uwezavyo, na yawe ya ajabu. Ya pili ni kuyakusanya hadi jibu moja: neno gani linaungana na chanuo, msumeno na tembo? (Meno.) Mwaka 2006 Holly White na Priti Shah waliwapa wanafunzi wa chuo majaribio ya aina zote mbili. Wenye ADHD waliwashinda wenzao katika lile la kutawanya, wakashindwa katika lile la kukusanya. Kwa hiyo swali langu la zamani lilikuwa na majibu mawili yanayopingana, nami nilikuwa nimechukua lile tamu.

Kwa nini hali moja isaidie huku na kukwamisha kule? Fikiria bawabu kwenye mlango wa ukumbi. Kila linalobisha hodi hulihoji: una uhusiano gani na shughuli ya leo? Mengi hurudishwa, na mwenye ukumbi hata hajui kwamba yalifika. Ndiyo maana unaweza kusoma huku feni ikivuma usiisikie. Katika ADHD bawabu huyo ni mlegevu. Feni inaingia, mazungumzo ya chumba cha pili yanaingia, na nyuma yake linaingia wazo ambalo halikualikwa na mtu. Likishaketi karibu na wazo jingine, huzaliwa mchanganyiko ambao bawabu mkali asingeuruhusu. Ukiulizwa kuhusu tofali, ukumbi uliojaa wageni wa kudandia ni neema. Ukiulizwa kuhusu chanuo, msumeno na tembo, ni kero tupu, maana sasa unamtafuta mgeni mmoja katikati ya umati.

Sasa turudi kwenye tunda. Mwaka 1994 mwanasaikolojia Thomas Ward alieleza jinsi watu wanavyobuni wanyama wa sayari nyingine: wengi huwapa macho, miguu, na pande mbili zinazolingana. Akili hupita njia iliyokwisha kukanyagwa. Nyasi zimelala, udongo umekuwa mgumu, na anayepita hapo kila siku hachagui kuifuata, miguu humpeleka. Mfano ukiwekwa mbele yako ni kama mtu amepita hapo sasa hivi na nyayo bado zinaonekana. Mwaka 2018 White aliwapa wanafunzi zoezi la tunda, na jingine la kubuni majina ya bidhaa baada ya kuonyeshwa mifano ambayo waliambiwa wasiiige. Matunda ya wenye ADHD yalikuwa mageni zaidi, na majina yao hayakuvutwa na ile mifano kama ya wenzao. Nadhani hapa ndipo penye uhusiano wa kweli: nyayo za mwingine haziwashiki sana.

Tusiongeze chumvi, hata hivyo. Mwaka 2003 Shelley Carson na wenzake waliona ulegevu kama huo wa bawabu kwa wanafunzi wa Harvard wenye mafanikio makubwa ya kibunifu, lakini wanafunzi hao hawakuchaguliwa kwa sababu ya ADHD, na walikuwa watu wenye akili nyingi sana. Huenda ulegevu hufaa pale tu ambapo kuna mtu ndani wa kuwapanga wageni.

Pia, mwaka 2020 Martine Hoogman na wenzake walipitia tafiti 31, wakakuta jambo ambalo lingeniaibisha zamani. Kutawanya mawazo kuliongezeka zaidi kwa watu wenye dalili nyingi kuliko kawaida ambao hata hivyo hawajafikia kiwango cha kutambuliwa na daktari. Kwa waliotambuliwa, faida hiyo haikuonekana waziwazi. Dione Healey na Julia Rucklidge walikuwa wameuona upande wa pili wa jambo hilohilo mwaka 2006: asilimia 40 ya watoto wabunifu waliowapima walikuwa na dalili nyingi za ADHD, na hakuna hata mmoja aliyetimiza vigezo vyote. Mlango uliofunguliwa kidogo na mlango uliong'olewa ni mambo mawili.

Kuhusu dawa, ungetarajia kwamba ukimwamsha bawabu, ubunifu utazimika, na wengi huzikwepa dawa kwa hofu hiyo. Mapitio hayo ya 2020 yalipata ushahidi mdogo sana wa kuiunga mkono. Hapa mfano wangu wa bawabu unachechemea, nami nauacha uchecheme.

Nilipomaliza kusoma haya yote nilimpa karatasi rafiki yangu mwenye ADHD, nikamwomba achore tunda la sayari nyingine. Nilikuwa na hamu kubwa. Alichora upesi, akanirudishia, akawa ameshahamia kwenye jambo jingine. Lilikuwa zuri kuliko langu, lenye mabawa.

Nalo lilikuwa na kikonyo.