Njia ya kuipata sisplatini bila pacha wake

Kuchora isomeri mbili za kijiometri za [PtCl₂(NH₃)₂], yaani molekuli mbili zenye atomu zilezile zilizopangwa tofauti, si kazi ngumu. Atomu ya platinamu iko katikati ya mraba bapa, na kloridi mbili ama zinakaa kwenye pembe zinazopakana (cis, ambayo ndiyo sisplatini) ama zinatazamana (trans). Umbo lingekuwa tetrahedroni, pembe zote zingepakana na isomeri ingekuwa moja tu. Kwa hoja hiyo mkemia Alfred Werner alitetea umbo bapa mwaka 1893. Swali gumu zaidi, na kwangu ndilo tamu, ni jinsi ya kutengeneza moja bila nyingine.

Jibu limo katika chumvi unayoanza nayo. Ukiichukua [PtCl₄]²⁻ na kuitia amonia, amonia ya kwanza hung'oa kloridi yoyote, kwa kuwa zote nne ni sawa. Ya pili hukuta hali nyingine, kwa sababu kloridi huharakisha kung'oka kwa ligandi (molekuli au ioni iliyoshikamana na platinamu) iliyo mkabala nayo kuliko amonia inavyofanya. Kloridi inayotazamana na amonia hubaki, hutoka mojawapo ya zile mbili zinazotazamana zenyewe kwa zenyewe, na zao linakuwa cis. Ukianza na [Pt(NH₃)₄]²⁺ na kuitia kloridi, kanuni ileile hukupa trans. Athari hii, aliyoieleza mkemia Ilya Chernyaev mwaka 1926, inahusu kasi ya mmenyuko, wala haisemi ni zao lipi lililo thabiti zaidi. Vitabu vingi huyachanganya mambo haya mawili.

Usafi wa zao si suala la maabara tu. Sisplatini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1978 kutibu saratani ya korodani na ya ovari, hupoteza kloridi zake jirani kisha hujifunga kwenye guanini (mojawapo ya besi za DNA) mbili zinazofuatana katika uzi mmoja wa DNA, jambo ambalo trans haiwezi kwa umbo lake.

Kuzitofautisha, kipimo cha Kurnakov kingali kinafaa. Katika cis, thioyurea (kampaundi yenye salfa inayotiwa kwenye kipimo hiki) huchukua nafasi za kloridi, na kwa kuwa kila moja sasa inatazamana na amonia, huifukuza nayo pia, hadi inabaki [Pt(thioyurea)₄]²⁺ ya manjano inayoyeyuka majini. Katika trans, thioyurea mbili hutazamana zenyewe, amonia hazisumbuliwi, na kinachojitenga ni fuwele nyeupe zenye umbo la sindano.