Kumegeka kwa Makazi: Kwa Nini Kima wa Msituni Hupungua Hata Miti Ingalipo

Kumegeka kwa makazi ni hali ya msitu mmoja mkubwa kukatwakatwa na mashamba, barabara na vijiji hadi ukabaki vipande visivyogusana. Hasara yake haipimwi kwa ukubwa wa eneo peke yake, kwa kuwa hekta elfu moja zilizoshikamana huweza kutunza makundi ya kima ambayo hekta hizo hizo, zikitawanywa vipande kumi, haziwezi kuyatunza.

Mkazi wa Mwanza aliyezoea kuwaona tumbili wa kisiwa cha Saanane huenda akadhani kwamba kima wote wana nafuu. Tumbili hutembea ardhini bila shida na hula karibu kila kitu, yakiwemo mahindi ya watu. Kipunji, kima wa nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ni tofauti: maisha yake yako juu ya miti, na eneo la wazi hulivuka kwa nadra na kwa hatari. Mtu wa kisiwa cha Ukerewe atalielewa jambo hili upesi, maana kipande cha msitu kilichozungukwa na mashamba ni kisiwa kisicho na mtumbwi wala kivuko. Kundi lililonaswa humo huzaliana lenyewe kwa lenyewe, moto au ugonjwa mmoja waweza kulimaliza, na wawindaji hulifikia kwa urahisi kwa sababu ukingo wa msitu uko karibu kila upande.

Wanasayansi walimtangaza kipunji mwaka 2005, ingawa wenyeji wa Rungwe walimjua tangu zamani. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilipata takriban 1,100 tu, wengi wao katika misitu ya Rungwe na Livingstone, na kundi dogo huko Ndundulu, katika milima ya Udzungwa, mbali sana na wenzao. Hata Rungwe na Livingstone, zilizo jirani, huunganishwa na ukanda mwembamba wa Bujingijila, ambao kilimo na ukataji wa miti vimeuchakaza.

Hapo ndipo uhifadhi hutegemea ushoroba, yaani ukanda wa miti unaounganisha vipande ili wanyama wapite. Kuhamisha wanyama kunawezekana pia, kama mbega waliopelekwa kisiwa cha Rubondo wanavyothibitisha, lakini kwa maoni yangu hiyo ni njia ya mwisho, kwani haiponyi msitu walikotoka. Ushoroba nao hauwi ushoroba kwa kupandwa misonobari, ambayo huvunwa kwa mbao na haiwapi kima matunda na majani ya aina wanazohitaji. Unahitaji miti ya asili, na miaka mingi ya kuiacha ikue.