Kwenye RICE, bishaneni kuhusu uhakika

Wiki iliyopita tuliketi kupanga kazi za robo mwaka ijayo za programu yetu ya maduka ya jumla. Kazi thelathini na kitu, watengenezaji watatu. Tulitumia RICE, njia iliyotoka kampuni ya Intercom: kazi itafikia wangapi, mara athari, mara uhakika mlio nao na makadirio hayo, kisha unagawa kwa miezi ya kazi ya mtu mmoja.

Dashibodi mpya, yaani ukurasa wa ripoti, iliingia kwa kishindo: maduka 600, athari 3 (hakuna ya juu zaidi), uhakika asilimia 100, miezi 2. Alama 900. Kurekodi mauzo hata bando likiisha ikaambulia 160, yaani 600 × 1 × 0.8 ÷ 3.

Nikauliza nani kaiomba hiyo dashibodi. Kimya. Kumbe ni mteja mmoja, tena yule anayempigia bosi moja kwa moja. Uhakika ukashuka hadi asilimia 50. Kwa uhakika, RICE ina ngazi tatu tu, 100, 80 na 50. Wanaofungua ripoti kweli ni maduka 200. Athari tukaweka 2. Kijana wetu wa seva, ambaye hakuwa amesema neno, akatamka kwamba miezi 2 ni ya kuandika tu, majaribio bado. Tukaweka 4. Piga hesabu: 50.

Siku hizi kila mtu anaandika namba zake kwenye karatasi kabla bosi hajafungua mdomo. Mmoja akiandika mwezi 1 na mwenzake 5, sichukui wastani. Mmoja wao anajua kitu, na hicho ndicho ninachokitafuta.

ICE ya Sean Ellis, njia nyingine ya kuzipa kazi alama, tuliijaribu tukaiacha. Ukipima kwa 1 hadi 10, saba yangu ni tano yako.

Lakini RICE haijui kalenda. Bajeti ikisomwa Juni na kiwango cha kodi kikabadilika Julai 1, risiti za wateja lazima zibadilike siku hiyohiyo, hata alama ziwe ndogo vipi. Kazi za namna hiyo naziondoa kwenye jedwali, nazipangia tarehe. Halafu kuna kule kugawa kwa miezi: kazi kubwa mara nyingi hubaki mkiani. Kuhamia seva mpya, miezi 6, kumeahirishwa robo tatu mfululizo. Safari hii kazi hiyo nimeiingiza bila alama yoyote, na mhasibu ameshaniuliza kwa nini.